Lushoto: Dawa Ipo, Kinachochelewa ni Kipimo

Mboga za Usambara husafiri usiku. Malori hupakia kabichi, karoti, viazi na hoho katika masoko ya milimani kama Lukozi, hupita Lushoto na Soni, hushuka kona za korongo hadi Mombo, kisha hushika barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Kwa njia hiyohiyo hupanda fedha za mauzo, wafanyabiashara, madereva na matingo wao, vijana waliokwenda mjini kutafuta kibarua, na wanawake kwa wanaume waliokaa miezi mbali na wenza wao. Wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, yenye pilika za namna hii, haiwezi kujitenga na magonjwa ya ngono kwa sababu tu iko juu ya mlima na hewa yake ni baridi.

Magonjwa hayo hayaonekani haraka kwa kuwa yanafichwa. Kijana anasikia moto akikojoa, asubuhi anaona usaha kwenye nguo ya ndani. Zahanati ya kijiji haiko mbali, lakini muuguzi wa pale ni rafiki wa mama yake na mhudumu wa mapokezi wanasali naye. Anateremka hadi duka la dawa, anasema ana UTI, ananunua vidonge vinavyotosha fedha aliyonayo. Baada ya siku mbili maumivu yanapungua, vidonge vilivyobaki anaviweka akiba. Mwenzake hajaambiwa kitu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika magonjwa haya methali hiyo inaweza kuwa kweli tupu: kisonono na klamidia zisizotibiwa huziba mirija ya uzazi ya mwanamke, na kwa mwanamume zinaweza kuharibu njia ya mbegu.

Kijana huyo amekosa tiba sahihi ya kisonono. Vilevile amekosa jambo jingine ambalo pengine ni kubwa zaidi: hakuna aliyempima VVU.

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU uliofanyika mwaka 2022 na 2023 unaonyesha wazi uzito wa kosa hilo. Kati ya kila watu wazima 100 nchini wenye umri wa miaka 15 na zaidi, zaidi kidogo ya 4 wanaishi na VVU. Katika hao wanaoishi na virusi, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa wanatumia dawa, na kati ya wanaotumia dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Maana yake ni kwamba Mtanzania akishajua ana VVU, karibu kila mara anaanza dawa na dawa inafanya kazi. Pengo kubwa liko mwanzoni kabisa, kwa wale karibu 17 katika kila 100 ambao wanaishi na virusi na hawajui. Wengi wa hao hawana dalili yoyote ya kuwapeleka hospitali. Ila huenda wakapata usaha, kidonda au muwasho, na siku hiyo ndiyo nafasi ya kuwakuta.

Tangu Ndolage hadi Mwanza

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, mkoani Kagera. Wakati huo watu wa Kagera waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa cha mtindo kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Ilipofika 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara, Tanga ikiwemo, ilikuwa imekwisha kutoa taarifa za wagonjwa. Miaka mitatu ilitosha ugonjwa wa mpakani kuwa ugonjwa wa nchi nzima.

Dawa za kufubaza virusi hazikuwepo. Wataalamu walijiuliza swali jingine: kwa kuwa kidonda sehemu za siri hufungua ngozi, na kisonono huleta uvimbe unaokusanya chembe zilezile za damu zinazoshambuliwa na VVU, je, kutibu magonjwa haya ya kawaida kunaweza kupunguza maambukizi ya VVU?

Jibu lilitafutwa mkoani Mwanza kati ya 1991 na 1994, kwa ushirikiano wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), shirika la AMREF na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine. Jamii 12 zilipangwa mbili mbili. Katika kila jozi, jamii moja iliboreshewa huduma ya magonjwa ya ngono kwenye zahanati na vituo vya afya vilevile vilivyokuwepo. Watumishi walifundishwa, dawa zilihakikishwa, wasimamizi walipita kukagua, na wananchi walielimishwa kuwahi matibabu. Hakukuwa na mashine za gharama kubwa. Baada ya miaka miwili, watu waliopata VVU katika jamii zilizoboreshewa huduma walikuwa asilimia 1.2, na katika zile nyingine asilimia 1.9. Maambukizi mapya yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet na kusomwa dunia nzima. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliofuata, ambao uligawa dawa kwa watu wote kwa awamu badala ya kuwatibu wenye dalili mfululizo, haukuona upungufu kama huo, na wataalamu wamejadili kwa miaka mingi sababu za tofauti hiyo. Mojawapo inayotajwa ni kwamba Rakai janga lilikuwa limeshaenea kwa kina zaidi. Hata hivyo Mwanza ilithibitisha jambo ambalo mtu wa Mlalo au Mtae analihitaji: zahanati ndogo ya kijijini, yenye mtumishi aliyefundishwa na kabati lenye dawa, inaweza kuwa ngome dhidi ya VVU.

Kutibu bila maabara

Mtumishi wa zahanati isiyo na maabara hutumia mfumo wa kutibu kwa kundi la dalili. Mwanamume mwenye usaha hupewa kwa pamoja dawa ya kisonono na ya klamidia, kwa kuwa magonjwa haya mawili mara nyingi huja pamoja na kwa macho hayatofautishwi. Mwenye kidonda hutibiwa kaswende na pangusa, na malengelenge ya sehemu za siri nayo hufikiriwa. Mwanamke mwenye maumivu chini ya kitovu hupewa dawa za kulinda kizazi chake bila kusubiri majibu ya maabara iliyo mbali. Mgonjwa huondoka na tiba siku hiyohiyo. Kwa anayetembea saa nzima kwenye njia ya matope kufika zahanati, hilo si jambo dogo, maana akiambiwa arudi wiki ijayo anaweza asirudi.

Mfumo huu una udhaifu wake, na unapaswa kusemwa. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawana dalili yoyote. Kwa upande mwingine, uchafu ukeni mara nyingi hautokani na ugonjwa wa ngono. Mama anaweza kupewa dawa ya ugonjwa asio nao, na jirani yake mwenye ugonjwa akaenda zake akijiona mzima. Ndiyo sababu kipimo kinapopatikana, kama ilivyo katika hospitali ya wilaya Lushoto au hospitali ya Kilutheri ya Bumbuli, kisiachwe, na ndiyo sababu mwenza wa mgonjwa anaitwa hata kama anasema haumwi popote.

Hapo kwenye mwenza ndipo matibabu mengi huvunjika. Mtumishi humpa mgonjwa karatasi ya kumwita mwenzake. Wengine huitia mfukoni na kuisahau kwa makusudi, kwa kuogopa ugomvi, talaka au kipigo. Wengine mwenza yuko Dar es Salaam na atarudi sikukuu. Mgonjwa akipona peke yake, mwenza akirejea yeye huambukizwa upya, kisha humlaumu daktari kwamba dawa hazifai. Watumishi wa afya wanaojua kazi hawamwachii mgonjwa mzigo wote. Humuuliza kama ana hofu ya kudhuriwa, humsaidia kupanga maneno, na akikubali, wao wenyewe humwita mwenza bila kumtaja mgonjwa.

Lipo pia tatizo la usugu wa dawa. Vimelea vya kisonono vimeshazishinda dawa nyingi zilizotumika zamani, zikiwemo penisilini na siprofloksasini, kiasi kwamba tiba ya leo hutegemea zaidi sindano ya seftriaksoni au dawa za kundi lake. Kila anayekunywa nusu dozi ya dukani anavipa vimelea hivyo nafasi ya kujifunza kuishi na dawa. Maduka ya dawa muhimu, mfumo ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yamesaidia sana vijijini, lakini mwuza dawa mwaminifu akisikia mteja wa kiume ana usaha humwelekeza zahanati, hamuuzii vidonge vinne.

Kaswende na mtoto ambaye hajazaliwa

Kaswende ina hila kuliko magonjwa mengine. Kidonda chake cha kwanza hakiumi na hupona chenyewe. Vipele vya hatua ya pili navyo hupotea. Mgonjwa hudhani amepona, kumbe ugonjwa umezama kwenye damu, ambako unaweza kukaa miaka mingi kabla ya kushambulia moyo au ubongo.

Anayelipa kwanza mara nyingi ni mtoto tumboni. Utafiti mwingine wa Mwanza, uliochapishwa mwaka 2002, uliwachunguza wajawazito ambao hawakuwa wamepimwa. Kati ya wenye kaswende kali, robo walijifungua mtoto mfu. Kati ya wasio na kaswende, ni 1 tu katika kila 100. Watafiti walikadiria kwamba karibu nusu ya watoto wote waliozaliwa wafu katika kundi lile walipotea kwa sababu ya kaswende. Kinga ya msiba huo ni penisilini ya sindano, dozi moja tu, ikitolewa mapema katika ujauzito. Kuna misiba michache katika tiba ambayo kinga yake ni rahisi kiasi hicho.

Kwa hiyo mjamzito anayeanza kliniki hupimwa VVU na kaswende kwa tone la damu la kidoleni, na majibu hutoka kabla hajaondoka. Baba naye hualikwa. Mama aliyegundulika na VVU huanza dawa siku hiyo au karibu na hapo, mtoto akizaliwa hupewa dawa ya kinga, na akifikisha wiki nne hadi sita tone lake la damu hukaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara kubwa. Bila hatua yoyote, kati ya watoto 100 wa kina mama wenye VVU, 15 hadi 45 wangeambukizwa. Hatua zote zikifuatwa, kunyonyesha kukiwemo, idadi hiyo hushuka chini ya 5.

Kipimo cha VVU, hatua kwa hatua

Kipimo cha haraka cha VVU hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza kupambana navyo, na mwili huhitaji muda kuwatengeneza. Aliyeambukizwa wiki iliyopita anaweza kupata jibu la kutokuwa na maambukizi, ndiyo maana hushauriwa arudi ifikapo miezi mitatu. Jibu likionyesha maambukizi, hurudiwa kwa kipimo cha aina nyingine kabla mtu hajaambiwa. Mtu haanzishiwi dawa kwa mstari mmoja wa kipimo kimoja.

Julai 14, 2007, Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima hadharani jijini Dar es Salaam kuzindua kampeni ya kitaifa ya upimaji, na mamilioni walijitokeza baada yao. Mwaka uliofuata ilitungwa Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI, inayolinda siri ya majibu na kukataza unyanyapaa. Marekebisho ya 2019 yaliruhusu kijana wa miaka 15 kupima bila idhini ya mzazi, na yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe. Kifaa cha kujipima hutumia majimaji ya kinywani na jibu hutoka ndani ya nusu saa. Kwa dereva wa lori au mfanyabiashara asiyetaka kuonekana kwenye benchi la kituo, hii ni njia nzuri, mradi akumbuke kwamba jibu la kujipima lazima lithibitishwe na mtaalamu.

Aliyebakwa, aliyepasukiwa na kondomu au muuguzi aliyejichoma sindano hapaswi kungoja kuona kitakachotokea. Dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio huanza kutumiwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, kisha huendelea kwa siku 28.

Kuishi na VVU mlimani

Dawa za kufubaza virusi (ARV) zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Wakati huo mgonjwa alisubiri hadi kinga yake ishuke ndipo aanzishiwe. Tangu 2016, kila anayegundulika na VVU anaanza dawa bila kujali kiwango cha kinga yake (CD4). Mchanganyiko unaotumiwa na wengi tangu 2019 ni kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Maudhi yake ni machache kuliko ya dawa za zamani, na hufubaza virusi kwa kasi.

Ushahidi kwamba dawa inafanya kazi ni kipimo cha wingi wa virusi, kinachofanyika baada ya miezi sita ya dawa, kisha cha mwaka, na kuendelea. Damu huchukuliwa kliniki na kusafirishwa hadi maabara yenye mashine. Virusi vikiwa vichache kiasi cha kutogundulika, mtu huyo hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono. Sayansi imethibitisha hilo kwa maelfu ya wenza, na kila mteja wa kliniki ya tiba na matunzo, maarufu kama CTC, anastahili kuambiwa kwa maneno ya wazi. Huyo ni mtu anayeweza kuoa au kuolewa, kuzaa na kulea.

Anayeishi vijiji vya ukingoni mwa milima, ambako mvua za masika hufanya njia isipitike hata kwa bodaboda, anasumbuliwa na safari kuliko kidonge. Ndiyo maana utaratibu wa kuwapa wateja walio imara dawa za miezi mitatu au sita kwa mara moja umekuwa mkombozi. Anayepewa za miezi sita huja kliniki mara mbili kwa mwaka na siku nyingine zote yuko shambani kwake.

Mteja wa CTC huchunguzwa pia kifua kikuu, na mwanamke huchunguzwa shingo ya kizazi. Mwenye VVU ana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hiyo, inayosababishwa na kirusi kingine cha ngono kiitwacho HPV. Mhudumu hupaka siki ya kawaida iliyozimuliwa kwenye shingo ya kizazi. Sehemu yenye kasoro hubadilika kuwa nyeupe, na mara nyingi hutibiwa papo hapo kabla haijawa saratani. Wasichana nao wana chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018.

Mganga, nduguze mgonjwa na daktari

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika kwa kina kuhusu Wasambaa na ufalme wao, alionyesha kwamba mgonjwa wa Usambara hachagui kati ya hospitali na mganga mara moja kwa wakati wote. Huenda kote, na ndugu ndio hushauriana wapi aanze. Mpango wowote wa afya unaojifanya hauoni hilo utashindwa.

Mkoa wa Tanga una mfano mzuri wa kushirikiana. Kuanzia 1990, madaktari na waganga wa tiba asilia, kwanza huko Pangani, walikaa pamoja katika kundi lililojulikana kama Tanga AIDS Working Group. Miti ya waganga ilitumika kutuliza magonjwa nyemelezi kama vipele, fangasi na kukosa hamu ya kula, waganga walijifunza jinsi VVU vinavyoambukizwa, na wagonjwa walielekezwa hospitali. Hakuna aliyelazimishwa kudharau kazi ya mwenzake.

Kinyume chake kilionekana mwaka 2011, maelfu ya watu walipofunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Baadhi ya wanaoishi na VVU waliacha ARV baada ya kunywa. Virusi havikuondoka. Mti unaotuliza kikohozi ni msaada, lakini mti unaomfanya mtu aache dawa unamwua.

Fedha na wajibu

Januari 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha ghafla misaada yake ya nje, na huduma za VVU katika nchi nyingi za Afrika zikatikisika. Tanzania kwa miaka zaidi ya 20 imetegemea sana fedha za mpango wa Marekani wa PEPFAR na Mfuko wa Dunia kununua dawa, kulipa wahudumu na kusafirisha sampuli. Nchi ilianzisha mfuko wake wa UKIMWI mwaka 2015, lakini mfuko huo bado ni mdogo kulingana na kazi. Seftriaksoni ya kisonono ni sindano, haina kidonge. Penisilini ya kaswende ni sindano pia. Vipimo vya haraka huisha muda wake. Vyote vinataka bajeti ya halmashauri, si ahadi. Madiwani wa Lushoto na Bumbuli wanapopitisha makadirio, kabati la zahanati liwe miongoni mwa mambo ya kwanza wanayouliza.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Ukiona usaha, kidonda, uvimbe wa mitoki au maumivu chini ya kitovu, nenda zahanati siku hiyo na useme ukweli. Maliza dozi yote. Mlete mwenza wako, au mruhusu mtumishi amwite. Usiondoke bila kupimwa VVU na kaswende, hata kama hakuna aliyekuambia upime, omba mwenyewe. Na kama kijiji kinakutia aibu, vuka mlima uende kituo kingine, lakini nenda.